Kikao cha Kuamua Kama Raghu Afe

CHAMA CHA WAPENZI WA SENEMA YA CHANDRIKA, KARVANDI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 13 FEBRUARI 2011, KATIKA UKUMBI WA CHINI WA SENEMA, MBELE YA DIRISHA LA TIKETI

WALIOHUDHURIA

1. Bw. Shankar Jagtap, Mwenyekiti, dereva wa lori mstaafu
2. Bw. Madhukar Thakurdesai, Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Bw. Kantilal Oswal, mwenye jengo
4. Mwl. Hemant Pendse, mjumbe
5. Bw. Iqbal Mulani, mjumbe na mwendesha mashine
6. Bi. Kusum Jagtap, mjumbe, mjane wa mdogo wake Mwenyekiti

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU

Bw. Baban Lohar, aliyekwenda Kolhapur kwenye harusi ya mpwa wake. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu za mwaka jana mpwa huyo huyo alikwisha kuoa mara mbili.

KUMB. NA. 1/2011: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na robo asubuhi badala ya saa nne, kwa kuwa Bw. Oswal alikuwa akitafuta swichi ya feni ndani ya jengo lake mwenyewe. Alikumbusha wajumbe kwamba jengo limeuzwa, kwamba onyesho la mwisho ni Jumapili ya tarehe 27, na kwamba hapa tulipokaa patakuwa duka la simu. Alisema hataki machozi, anataka ajenda. Chai na bhajia za viazi zililetwa, na wajumbe wakala.

KUMB. NA. 2/2011: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA NA YATOKANAYO

Kumbukumbu zilisomwa na kuthibitishwa. Mwl. Pendse alitaka neno "alibwata" lililotumika juu yake libadilishwe liwe "alieleza". Lilibadilishwa.

Katika yatokanayo lilijitokeza ombi la Bi. Kusum Jagtap, ambalo limekaa chini ya Mengineyo katika kila kikao tangu alipofiwa mwaka 1989. Anaomba picha ya marehemu mume wake, Dattatray, itundikwe kwenye ukuta wa madereva hapa ukumbini, pamoja na picha za madereva wengine wa chama waliofariki. Safari hii alieleza kwamba hakutakuwa na kikao kingine, wala ukuta. Picha alikuwa nayo kwenye mfuko wake wa kitambaa, kama kawaida.

Mwenyekiti alijibu kwamba jibu ni lile lile. Ukuta ule ni wa waliofuata desturi. Marehemu, ingawa ni mdogo wake wa tumbo moja, alipanda mlima siku ya ajali bila kuitazama kwanza filamu ya Raghu, na kila mtu mjini anajua ni kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Baada ya kusema hayo aliomba chai nyingine. Bi. Kusum aliurudisha mfuko mapajani.

KUMB. NA. 3/2011: ONYESHO LA MWISHO NA MKEBE WA MWISHO

3.1 Kwa kuwa nakala ya kumbukumbu hizi itapelekwa kwa watu wa Pune waliotuazima filamu, Mwenyekiti aliagiza Katibu aeleze kidogo jinsi mambo yalivyoanza. Katibu anaeleza.

Filamu ya dereva Raghu ilifika Karvandi wakati wa mvua za mwaka 1974. Nakala ilikuwa moja kwa miji miwili. Senema ya Sonalwade, ng'ambo ya mto, ilianza saa moja kabla yetu, na kila mkebe wa filamu ukimalizika kule, mtu wa baiskeli aliuleta huku. Ndivyo ilivyofanyika nchi nzima, na watazamaji walizoea kusubiri baiskeli. Usiku ule mto ulifurika, na mkebe wa mwisho ukabaki ng'ambo. Ukumbi ulikuwa umejaa madereva, wake zao na watoto, na wote walikuwa wamemwacha Raghu kwenye kona mbaya, breki zimekatwa na adui. Watu walianza kupiga viti. Bw. Mulani, akiwa bado mgeni kwenye mashine, alichukua mkebe wa kwanza kabisa na kuurudisha: Raghu anapanda mlima alfajiri, mkono nje ya dirisha, anapiga honi, mama yake anatoka mlangoni kumpokea.

Ukumbi mzima ulisimama. Watu walipiga miluzi, wakatupa sarafu kwenye skrini, wakaenda nyumbani wanacheka. Kesho yake mkebe wa mwisho ulipofika, marehemu baba yake Bw. Oswal aliutazama peke yake, milango imefungwa, kisha akaagiza urudishwe Sonalwade. Baadaye aliinunua nakala yenyewe bila mkebe huo, na kila msimu wa mvua ilionyeshwa hapa kwa mwisho ule wa Bw. Mulani.

Tatizo lilikuwa shati. Shati jekundu la Raghu linaungua katikati ya filamu, na mwishoni anarudi nalo. Karvandi haikubabaika. Ilisemwa kwamba dada yake amemshonea jingine, na tangu hapo dada wa mji huu, siku ya kuwafunga kaka zao uzi mkononi, huwapa pia shati jekundu ikiwa kaka ni dereva. Mwenyekiti alikuwa amevaa lake kikaoni, limefifia kiasi cha kuitwa la waridi.

Desturi kubwa ilikuwa dakika za madereva. Dereva anayepanda mlima usiku aliegesha lori nje, injini inanguruma, akaingia bila tiketi na kusimama nyuma na wenzake kutazama mwisho tu. Raghu akishapiga honi, wao hao, wanaondoka. Waliofanya hivyo walirudi. Katika miaka yote hiyo mwanachama mmoja tu alipata ajali mlimani akafariki, naye ametajwa katika kumbukumbu namba 2 hapo juu. Siku hizi handaki limefunguliwa, malori yanapita chini ya mlima, hayafiki tena mjini kwetu. Senema pia imekufa kwa sababu hiyo hiyo.

3.2 Bw. Oswal aliarifu kwamba nakala yetu imeoza na inanuka siki, ndiyo maana ameazima nyingine Pune. Nakala hiyo ni kamili. Mikebe ilikuwa sakafuni, na ule wa mwisho aliuweka mezani akauvika shada la maua ya njano, kwa maelezo kwamba ni mgeni aliyechelewa miaka thelathini na saba.

3.3 Mwl. Pendse, mzaliwa wa Sonalwade, alipendekeza filamu ionyeshwe yote. Alieleza kwamba katika mkebe huo Raghu anafariki. Lori linatumbukia bondeni, honi inalia peke yake, na mama anabaki mlangoni. Alisema mji mzima umelelewa kwa nusu ya filamu, kwamba waliotunga kisa walikuwa na jambo la kusema juu ya matajiri wanaopakia malori kupita kiasi, na kwamba sisi tumelikata jambo lenyewe tukabakiza honi.

3.4 Mwenyekiti alipinga. Alikumbusha kwamba maneno ya Raghu kufa yameletwa na watu wa Sonalwade tangu zamani kwa husuda, na yamewahi kuvunja harusi mbili. Majibizano yafuatayo yanaandikwa kwa sababu wahusika wote wawili walitaka yaandikwe.

"Steringi hafi, Mwalimu. Hilo hata mtoto anajua. Kama kwenu anakufa, hilo ni la kwenu."

"Bhau, kaka yangu, mkebe uko mezani. Tuufungue tuone."

"Mkebe wa Sonalwade huo."

"Wa Pune, Bhau."

"Pune nao wameupata wapi?"

3.5 Bw. Mulani aliomba kusema. Alieleza kwamba amezunguka na mashine katika miji mingi, na hajapata kuona miji miwili iliyotazama filamu moja. Kuna mji ulioruka wimbo wa nne ili watu wawahi basi la mwisho. Kuna mji uliokuwa ukirudia wimbo wa pili kwa sababu mke wa tajiri wa sukari aliupenda. Kwenye maonyesho ya vijijini, ambako skrini ni shuka na nusu ya watu wanakaa upande wa nyuma, kuna waliozeeka wakiamini kila steringi hutumia mkono wa kushoto. Alisema waliotunga filamu wapo Bombay, lakini filamu humalizikia kwa wanaoitazama, na yeye hajawahi kuona kosa katika hilo. Mwl. Pendse aliuliza, je, kama wanaoitazama wanadanganywa? Bw. Mulani aliinama akapanga mikebe iliyokuwa sakafuni. Katibu anaandika kwamba mikebe hiyo ilikuwa imekwisha kupangwa.

3.6 Mwenyekiti alisema yeye mwenyewe amepanda mlima ule miaka thelathini, usiku, mvua, ukungu, na kilichomfanya akanyage mafuta ni ile honi. Aliuliza wajumbe wanataka awaambie nini wazee wenzake watakaokuja tarehe 27 na fimbo zao, kwamba walikuwa wakipewa moyo na mtu aliyekwisha kufa? Alishauri mkebe ufungwe urudi Pune kama ulivyokuja. Alimalizia kwa kusema kwamba hata Datta angekuwa hai leo kama asingeipuuza desturi.

Hapo Bi. Kusum Jagtap aliomba nafasi.

KUMB. NA. 4/2011: MAELEZO YA BI. KUSUM JAGTAP

4.1 Mwenyekiti alimwambia kwamba suala lake limekwisha kujadiliwa. Alijibu kwamba halijawahi kujadiliwa hata siku moja, limekuwa likijibiwa. Aliruhusiwa.

4.2 Alieleza kwanza kwamba yeye pia ni wa Sonalwade. Aliuliza kama shemeji yake amesahau alikotolewa bibi harusi. Alimwona Raghu akifa akiwa msichana, mara tatu, na mara zote tatu alilia. Alipoolewa Karvandi mama mkwe alimpeleka senema, akakaa kule juu upande wa wanawake, akamwona marehemu Raghu anarudi anapiga honi, na wanawake wote pembeni yake wanafuta macho kwa furaha. Alisema siku ile alidhani ameanza kuumwa. Baadaye alielewa, akanyamaza, kwa sababu ameingia nyumba ya madereva na bibi harusi haji na msiba wa kwao.

4.3 Mwenyekiti alimtaka afike kwenye hoja. Alifika. Kwa agizo la Mwenyekiti lililotolewa baadaye, maneno haya yanaandikwa kama yalivyosemwa:

"Siku ile tuligombana asubuhi, kweli. Niliunguza mkate, yeye akasema neno, mimi nikasema mawili. Jioni nikaja senema kumkwepa. Nimekaa juu na wanawake, gizani, mara mtu anakaa kiti cha pembeni. Datta. Ana bhajia kwenye gazeti. Nikamwambia, wewe, huku ni kwa wanawake, utatutia aibu. Akasema, nipe dakika zangu hapa hapa, leo sitaki kusimama na wale. Tukala. Raghu akapiga honi. Akanishika mkono, akasema ninaondoka, nikirudi uniwekee mkate ulioungua. Akaondoka. Aliitazama, shemeji. Aliitazama yote, nimekaa naye bega kwa bega."

4.4 Bw. Oswal aliinuka akazima feni.

4.5 Mwenyekiti aliuliza nani mwingine alimwona. Bw. Mulani alisema yeye. Chumba cha mashine kinapakana na viti vya wanawake, na ni yeye aliyemfungulia marehemu mlango mdogo, kinyume cha sheria za jengo. Alisema alinyamaza kwa sababu Bi. Kusum alimwomba anyamaze. Bw. Oswal alisema sheria hiyo sasa haina maana, na kwamba hamlaumu.

4.6 Mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ambayo Katibu aliisikia kwa shida, kwa nini hakusema. Jibu pia linaandikwa kama lilivyosemwa:

"Ningesema lini? Siku ya tatu malori yalikuwa yanapanda tena, na wewe ulikuwa kwenye mojawapo, na watoto wanne nyumbani. Nikisema Datta aliitazama na bado amekufa, nani angepanda? Nyie mlikuwa mnaingia hapa mnatetemeka, mnatoka wanaume. Kwa hiyo mkasema ni mimi. Nikaona bora iwe mimi. Mlima ulikuwa bado upo. Sasa kuna handaki, hakuna anayepanda, wewe mwenyewe magoti yamegoma. Sasa nasema."

4.7 Mwenyekiti aliomba kikao kisimame kidogo. Hakutoka nje. Alikaa pale pale, amevua miwani, anaifuta kwa pindo la lile shati. Katibu amefanya kazi na Mwenyekiti miaka mingi na ameandika hasira zake nyingi kwenye daftari hili. Aliona huzuni kumtazama, akatazama chai.

KUMB. NA. 5/2011: KURA

5.1 Kikao kiliporejea Mwenyekiti aliondoa hoja yake. Alisema Mwalimu ana haki. Filamu ionyeshwe yote, na ule mkebe wa mwisho, mbele ya mji mzima, ili kila aliyewahi kumnyooshea kidole mke wa mdogo wake aone kwa macho yake kwamba ile honi haikuwa na kitu ndani yake. Alisema atasimama mbele ya skrini kabla taa hazijazimwa na ataeleza mwenyewe kwa nini. Mwl. Pendse alimshukuru, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za chama hiki wajumbe hao wawili walikuwa upande mmoja.

5.2 Bi. Kusum alipinga. Alisema hakuomba mji uonyeshwe kitu. Watakaokuja tarehe 27 ni wazee na wajane, wengine watabebwa, na wanakuja kuaga. Aliuliza inamfaa nini yeye kuwaona wakitoka mlangoni wanalia mara ya mwisho senema inapofungwa.

"Mimi nimeshawaona wote wawili wakifa. Raghu nilimwona Sonalwade, Datta nilimwona hospitali. Onyesheni anayerudi."

5.3 Mwl. Pendse alieleza kwa heshima kwamba anamwelewa dada yake wa Sonalwade, lakini kwamba mji uliomwonea mtu kwa miaka ishirini na mbili unapaswa kuambiwa ukweli, na skrini ndiyo mahali pekee mji huu unapoamini jambo. Bi. Kusum alimjibu kwamba aliyemwonea yupo hapa mezani na ameshaambiwa.

5.4 Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Filamu ionyeshwe na mkebe wake wa mwisho: Mwl. Pendse na Katibu. Ionyeshwe kama ilivyozoeleka Karvandi: Bi. Kusum Jagtap na Bw. Mulani. Bw. Oswal hakupiga kura, kwa maelezo yake ya siku zote kwamba mwenye duka hachagui mteja. Katibu anaomba asiulizwe sababu ya kura yake. Alikuwa na hasira, na hakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

5.5 Kura zikiwa zimelingana, Mwenyekiti alitakiwa kutoa kura ya uamuzi. Alimwuliza Bi. Kusum kama ana hakika, naye akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti alipiga kura upande wake.

IMEAMULIWA kwamba tarehe 27 Raghu atarudi. Bw. Mulani atafungua mkebe wa kwanza tena mwishoni, atavunja nazi ya baraka mbele ya mashine kama kawaida, na milango itafunguliwa kwa madereva wote bila tiketi. Hakutakuwa na viti vya wanawake peke yao siku hiyo. Mwl. Pendse aliomba pingamizi lake liandikwe. Limeandikwa. Aliomba pia aruhusiwe kuutazama mkebe wa mwisho peke yake kabla haujarudi Pune, na Bw. Mulani alikubali kumwendeshea.

KUMB. NA. 6/2011: PICHA YA MAREHEMU DATTATRAY JAGTAP

6.1 Mwenyekiti alimwomba Bi. Kusum ampe picha. Ilitolewa kwenye mfuko. Marehemu yuko kijana, amevaa shati jekundu, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Bi. Kusum alisema mtu huyo ni Mwenyekiti mwenyewe. Mwenyekiti alisema anakumbuka.

6.2 Ukutani hapakuwa na nafasi wala msumari. Mwenyekiti aliisogeza picha ya mwanachama mmoja na ya pili, akapanda kwenye kiti. Mwl. Pendse alimshika kiuno kwa sababu ya magoti. Bw. Mulani alileta msumari na koleo kutoka chumba cha mashine, nyundo ikiwa haikuonekana. Msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ukashika.

6.3 Shada la kuivisha picha halikuwepo. Bw. Oswal alisema atatuma mtu sokoni. Mwenyekiti alimwambia asitume mtu. Alishuka, akaenda mezani, akalivua shada la maua ya njano kwenye mkebe wa mwisho, akapanda tena na kumvisha mdogo wake.

6.4 Aliuliza kama imekaa sawa. Bi. Kusum alisimama mbali kidogo, akaitazama.

"Kushoto kidogo, shemeji."

Ilisogezwa kushoto.

KUMB. NA. 7/2011: MENGINEYO

Hakukuwa na mengineyo.

KUMB. NA. 8/2011: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa sita kasorobo mchana, akiwa bado amesimama juu ya kiti, na wajumbe walimsaidia kushuka.

Imesainiwa:

Shankar Jagtap, Mwenyekiti
Madhukar Thakurdesai, Katibu